Sura ya Tano: Umemtuma Nani, Akafanye Nini?

Mwaka 1952 Wameru walimtuma mtu New York. Mwishoni mwa mwaka uliotangulia, serikali ya kikoloni ilikuwa imewahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ng'ambo ya Mlima Meru, ili nchi ile wapewe walowezi wa Kizungu wafugie ng'ombe. Waliohamishwa wasingeweza kupanda ndege wote kwenda kujieleza. Wakachanga fedha, wakamchagua Kirilo Japhet, naye akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa pamoja na wakili Earle Seaton wa Moshi. Azimio la kuwaunga mkono lilikosa theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu, lakini namna walivyomtuma ilikuwa safi. Kila mtu alijua nani katumwa, kwa jambo gani, na kwamba akirudi atatoa taarifa. Kirilo alikwenda kudai ardhi irudi. Hakuna aliyempa ruhusa ya kuiuza.

Sura hii inahusu kutuma kwa namna hiyo ndani ya familia, pale mzazi, mke, mume au ndugu anapokuwa na akili zake zote lakini mwili umegoma. Karatasi inayofanya kazi hiyo ni hati ya uwakilishi, ambayo katika ofisi nyingi utaisikia pia ikiitwa nguvu ya kisheria. Anayeitoa tutamwita mtoa mamlaka. Anayepewa tutamwita mwakilishi.

Hitaji lenyewe halina haja ya kuelezwa sana kwa anayeishi kwenye miteremko ya Meru. Masika yakianza, njia za kupanda Poli, Akheri na Nkoaranga huwa utelezi mtupu. Mtu aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, aliyekatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, aliyeumia uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda, au bibi ambaye magoti yameacha kumtii, hawezi kushuka hadi Usa River kila benki inapotaka saini yake. Akikodi gari hadi mjini Arusha, atakuta ofisi iko ghorofa ya pili na lifti hakuna. Vijana watambeba mgongoni mbele za watu. Mara ya pili atasema hataki kwenda tena, na hapo ndipo mambo yake yanapoanza kuendeshwa na wengine.

Mamlaka yasiyo na karatasi

Familia nyingi zimekwisha kutoa mamlaka bila kuandika chochote. Mama anampa binti kadi ya benki na namba ya siri. Baba anamwachia mjukuu simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake, mjukuu anatoa pesa kwa wakala na kulipa umeme wa luku. Mambo yanakwenda, na kwa matumizi madogo ya kila siku hakuna anayelalamika.

Shida ya mpango huu ni kwamba kwa benki, namba ya siri ikiingizwa, aliyetoa fedha ni mwenye akaunti. Hakuna karatasi inayoonyesha kwamba binti alitumwa, alitumwa kuchukua kiasi gani na kwa kazi gani. Binti mwaminifu aliyemuuguza mama yake miaka minne akilipa dawa na mshahara wa msaidizi wa nyumbani anaweza kujikuta, siku ya kikao cha baada ya matanga, akiulizwa na kaka zake wa Dar es Salaam: "Dada, pesa za kahawa za mama zilikwenda wapi?" Hana cha kuwaonyesha. Asiye mwaminifu naye hana cha kumfunga. Kwa hiyo hati humlinda mzee dhidi ya mwakilishi mbaya, na humlinda mwakilishi mwema dhidi ya ndugu zake. Faida hii ya pili husahaulika, ilhali ndiyo inayoweza kumshawishi binti kukubali kuandikishana.

Kwanza angalia kama unaihitaji

Kabla ya kwenda kwa wakili, tenganisha kinachohitaji hati na kisichohitaji.

Asiyeweza kushika kalamu bado anaweza kusaini. Dole gumba ni saini halali mbele ya shahidi anayestahili, na kama mikono yote haifanyi kazi, wakili atajua namna ya kuthibitisha ridhaa ya mtu huyo kwa maandishi. Mlemavu wa viungo au mtu asiyeona hapotezi haki ya kuingia mkataba kwa sababu ya hali yake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 12 ya mkataba huo inatambua kwamba mtu mwenye ulemavu ana hadhi ya kisheria sawa na wengine, na kwamba anastahili kusaidiwa kuitumia. Mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kwa hiyo karani anayesema "mzee hawezi kusaini, leteni mtoto wake" anakosea. Mzee anaweza. Kama ni jambo la mara moja tu, ni nafuu kumwomba wakili au ofisa apande mlimani na nyaraka zake kuliko kumpa mtu mamlaka ya miaka mitano.

Mahakamani nako kuna njia ambazo watu wengi hawazijui. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inairuhusu Mahakama ya Mwanzo, katika shauri la madai, kumkubali ndugu au mtu wa kaya ya mdaawa asimame badala yake, mdaawa mwenyewe akiomba. Katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mdaawa anaweza kufika mwenyewe, au kupitia wakili, ndugu au mtu wa kaya yake. Kwa hiyo mgogoro wa mpaka kati ya bibi na jirani yake unaweza kusimamiwa na mwanawe bila kutengenezwa hati nzito. Ni katika mahakama za juu ndipo mambo hubana. Huko majaji hawapendi kuona mtu asiye wakili akiendesha kesi kwa hati ya uwakilishi ilhali mhusika yupo nchini, na hutaka kuelezwa kwa nini hawezi kufika. Cheti cha daktari kinahitajika. Hata hivyo mwakilishi hawezi kula kiapo juu ya mambo aliyoyaona mtoa mamlaka kwa macho yake mwenyewe, maana ushahidi hutolewa na aliyeona.

Kwa akaunti ya benki, uliza kwanza kama wana fomu yao ya kumruhusu mtu mwingine kuiendesha. Benki nyingi huiamini zaidi fomu yao kuliko karatasi iliyotoka nje, na baadhi hutaka vyote viwili. Kwa malipo ya kahawa, zungumza na viongozi wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao. Barua iliyopitia kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji huweza kutosha kwa mtu anayefahamika na kila mjumbe.

Linalobaki ndilo la hati

Baada ya kuchuja, hubaki mambo mazito: kukusanya kodi ya nyumba ya Kaloleni au Sakina huko Arusha na kuwawajibisha wapangaji, kufuatilia hati miliki, kushughulika na Mamlaka ya Mapato (TRA), kulipwa fidia barabara inapopita shambani, kuuza au kukodisha kiwanja, kufuatilia mafao ya mstaafu. Kwa mambo haya mwakilishi atakutana na maofisa wasiomjua aliyemtuma, na kila mmoja atauliza, "Wewe nani?"

Msingi wa hati ya uwakilishi uko katika Sheria ya Mikataba, sehemu inayozungumzia uwakala. Kanuni zake ni chache. Anachofanya mwakilishi ndani ya mipaka aliyopewa kinahesabiwa kuwa kimefanywa na aliyemtuma. Akitoka nje ya mipaka hiyo, aliyemtuma hafungwi nacho, isipokuwa akikiridhia baadaye au kama yeye mwenyewe aliwafanya watu waamini kwamba mamlaka yapo. Mwakilishi anapaswa kufuata maelekezo, kutunza hesabu na kutojinufaisha kwa siri.

Hati huwa za aina mbili. Hati ya jumla humpa mwakilishi uwezo wa kufanya karibu kila kitu. Hati maalumu hutaja jambo moja au machache. Mawakili wengi wana nakala ya hati ya jumla kwenye kompyuta, tayari kubadilishwa majina, nayo husomeka kwa fahari: kuuza, kununua, kukopa, kuweka rehani, kushtaki, kupatana. Ndugu huipenda kwa sababu inamaliza safari za ofisini kwa mkupuo mmoja. Mimi ningemshauri mzee mwenye akili timamu asiisaini. Kama mtoto anatumwa dukani kununua sukari, hapewi ufunguo wa sanduku la nyumba. Kinachotakiwa ni hati iliyo finyu kwa makusudi, ambayo ikihitaji kupanuliwa, mzee ataipanua mwenyewe.

Karatasi yenyewe

Tuchukue mfano wa mama mjane wa Akheri, miaka 74, aliyepooza mkono na mguu wa kulia, anayezungumza vizuri na kukumbuka madeni ya kila mtu. Ana shamba la migomba na kahawa, vyumba vinne vya kupangisha Tengeru, na akaunti moja. Kiini cha hati yake kinaweza kusomeka hivi:

"Namteua binti yangu, ambaye jina na namba yake ya kitambulisho cha Taifa vimeandikwa hapo juu, afanye mambo matatu kwa niaba yangu: kukusanya kodi ya vyumba vyangu vya Tengeru na kusaini mikataba ya upangaji isiyozidi mwaka mmoja, kutoa katika akaunti yangu kiasi kisichozidi Sh 300,000 kwa mwezi kwa ajili ya matibabu na matunzo yangu, na kufuatilia hati ya vyumba hivyo katika ofisi za ardhi. Hana mamlaka ya kuuza, kugawa, kuweka rehani au kukopa kwa dhamana ya mali yangu yoyote. Atanisomea hesabu kila mwisho wa mwezi, na kila baada ya miezi mitatu ataisoma mbele ya watoto wangu wengine. Hati hii itadumu miaka miwili, na ninaweza kuifuta wakati wowote."

Katazo limeandikwa wazi. Hilo humsaidia hata binti, maana kaka akija na hoja ya kuweka nyumba rehani, jibu liko kwenye karatasi. Kikomo cha fedha kinajulikana. Taarifa inatolewa kwa mama kwanza, kisha kwa ndugu. Na muda una mwisho, kwa hiyo baada ya miaka miwili mama atakaa tena na wakili na kuulizwa kama bado anataka.

Iandikwe Kiswahili. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, na hakuna sababu ya mama wa Akheri kutia dole gumba kwenye kurasa tatu za Kiingereza. Kama Kiswahili chake ni cha sokoni na anafikiri kwa Kimeru au Kimaasai, atafutwe mkalimani ambaye hanufaiki na hati hiyo. Mwishoni iandikwe nani aliisoma, kwa lugha gani, na kwamba mhusika alisema ameielewa. Mathibitisho ya wakili yaonyeshe jina lake, mahali na tarehe. Sheria ya Wathibitishaji na Makamishna wa Viapo inataka hivyo, na hati iliyoachwa wazi sehemu hiyo ni rahisi kuangushwa. Kama mama alitia dole gumba nyumbani Akheri, iandikwe Akheri, isiandikwe Arusha mjini kwa kuwa ofisi ya wakili iko huko. Picha za wote wawili zibandikwe.

Wakili mzuri atafanya jambo moja linalowaudhi ndugu: atawaomba watoke nje. Kisha atamwamkia mama na kumuuliza, "Mama, unataka mwanao akufanyie nini? Na nini hutaki afanye?" Ikiwa mama atajibu kwa maneno yake mwenyewe, kazi iendelee. Ikiwa atajibu "wao ndio wanajua," kazi isimame siku hiyo. Wakili ambaye hamuoni mhusika, akaletewa karatasi yenye dole gumba tayari ili agonge muhuri, anatengeneza kesi ya baadaye. Jina la wakili linaweza kuhakikiwa katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, na hilo lifanyike kabla ya kulipa. Asiye na uwezo wa kulipa anaweza kuomba huduma bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mahali pa kuanzia ni kwa wasaidizi wa kisheria walio kwenye kata na halmashauri.

Baada ya saini, hati ilipiwe ushuru wa stempu. Bila stempu, mahakama haitaipokea kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Nakala zilizothibitishwa zitolewe kadhaa, na hati halisi ibaki kwa mama.

Ardhi ina masharti yake

Ikiwa hati inagusa ardhi iliyosajiliwa, Msajili wa Hati atataka hati ya uwakilishi isajiliwe kabla ya kukubali uhamisho uliosainiwa na mwakilishi. Kwa ardhi ya kijiji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mashamba ya mlimani, uhamisho hupitia halmashauri ya kijiji, na saini ya mwakilishi haiondoi hatua hiyo. Na kama nyumba ni makazi ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mmoja kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Mtoto aliyepewa hati na baba hawezi kuuza nyumba anayoishi mama kwa kisingizio kwamba baba kasaini. Baba mwenyewe asingeweza.

Meru na Arusha zina jambo jingine ambalo halimo kwenye sheria za Bunge lakini lina nguvu. Shamba la ukoo haliuzwi kimyakimya. Mtoa mamlaka mwenye busara huwaita wazee wa ukoo na kuwasomea hati, hata kama sheria haimlazimishi. Mnunuzi anayetoka Njiro na fedha mkononi atauliza majirani kabla ya kulipa, na majirani wakisema hawajui kitu, biashara inakufa. Usiri katika jambo hili huwanufaisha matapeli tu.

Yapo pia mambo ambayo hayawakilishiki kabisa. Huwezi kumtuma mtu akakuandikie wasia kwa matakwa yake. Kura unapiga mwenyewe, ingawa mwenye ulemavu anaweza kwenda kituoni na mtu wa kumsaidia.

Mwisho wa mamlaka

Mtoa mamlaka anaweza kuifuta hati siku yoyote akiwa na akili timamu. Afute kwa maandishi, amkabidhi mwakilishi nakala, arudishiwe hati, na apeleke taarifa benki, kwa wapangaji na kwa Msajili kama ilisajiliwa. Kufuta kwa mdomo jikoni hakumfikii ofisa wa benki, na ofisa asiye na taarifa ataendelea kumtambua yule wa zamani.

Mtoa mamlaka akifariki, hati inakufa naye. Si baada ya arobaini, si baada ya kikao cha ukoo, papo hapo. Binti anayekwenda benki asubuhi ya msiba "kutoa za sanda" kwa hati ya marehemu hana tena mamlaka. Kuanzia hapo anayetakiwa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Hati ya uwakilishi haimfanyi mtu mrithi, na ndugu waambiwe hivyo mapema, kwa kuwa hofu hiyo ndiyo huwafanya waipinge.

Na kuna pengo ambalo familia nyingi hulikuta zimechelewa. Uwakala hukoma pia pale aliyetuma anapopoteza akili timamu. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2005 inayoruhusu mtu kuandika akiwa mzima hati itakayoendelea hata akili ikimtoka. Sheria yetu ya Mikataba haisemi hivyo. Maana yake ni kwamba kiharusi cha kwanza, kilichochukua mkono na kuacha akili, ndicho kinachotoa nafasi ya kuandika hati. Kiharusi cha pili, kikichukua kumbukumbu, kinaifuta. Baada ya hapo njia ni kuiomba mahakama iteue wa kusimamia mali, na njia hiyo ni ndefu. Kwa hiyo mtu asiseme "tutaandika akizidiwa." Akizidiwa hamtaandika. Na wakati hati ipo, mambo makubwa ambayo mzee anataka yafanyike kwa akili yake, kama kupima shamba, kumaliza mgogoro wa mpaka au kuandika wasia, yafanywe kwanza.

Nani atumwe

Ukoo hupenda kumchagua mtoto wa kiume wa kwanza, au msomi aliye Dodoma. Nadhani vigezo ni vingine. Awe karibu, maana mwakilishi aliye mbali naye atamtuma mtu, na sheria kwa kawaida hairuhusu aliyetumwa kumtuma mwingine bila idhini. Awe mtu anayeandika matumizi kwenye daftari hata pale hakuna anayemuuliza. Asiwe na madeni yanayombana. Na awe mtu ambaye mzee anaweza kumwambia "hapana" bila kuogopa kunyimwa chai jioni. Kigezo hiki cha mwisho ni kigumu, kwa sababu mwenye ulemavu mara nyingi humtegemea mwakilishi huyo huyo kwa kuoga na kula. Ikiwezekana, anayemtunza mwili na anayemsimamia fedha wawe watu wawili, au angalau hati iseme kwamba kiasi kikubwa kitatolewa kwa saini za wawili.

Kipimo cha hati iliyoandikwa vizuri kinaonekana miezi sita baadaye. Wapangaji wakija bado wanamsalimu mama na kumuuliza yeye kuhusu bati linalovuja, binti akasimama pembeni akisubiri jibu ili akalitekeleze, hati inafanya kazi yake. Wakianza kumpita mama barazani na kwenda moja kwa moja kwa binti, mama amwite wakili na kuifuta, kisha aandike nyingine iliyo finyu zaidi. Haki hiyo ameishikilia yeye, na hahitaji miguu kuitumia.